Bechi 0417

Muuzaji aliileta mwenyewe, na kalenda ya ukutani, na kalamu mbili.
Chema chajiuza, nikawaza. Nikasaini kupokea, basi.

Vipande ishirini na vinne vya nikeli na kromi,
vifupi kama vidole vya mtoto,
vinameremeta kwenye sinia la bati.
Cheti kina muhuri. Muhuri nao ni wino.

Nikachonga nta, nikaizika kwenye kalibu,
nikaichoma hadi ikatoka, ikaacha nafasi yake,
na ndani ya nafasi ile nikamimina moto.
Vijiti sita. Nikavisugua kwa mchanga, nikavipima unene.
Cha kwanza kilipinda, kikavumilia.
Cha pili kilikatika kabla sijahema,
na pale kilipokatika, chini ya hadubini,
matundu,
kama andazi la mpishi mwenye haraka.

Mkono wako huo, akasema Fundi Nanyaro. Mimina upya.
Nikamimina upya. Ni kweli, matundu yalikuwa yangu.

Kisha nikavitia kwenye mate,
mate tunayoyatengeneza wenyewe, chumvi na asidi ya maziwa,
nyuzi thelathini na saba, joto la mtu asiye na homa,
siku saba.
Jumatano umeme ulikatika Ngarenaro nzima.
Nikazifunga chupa kwa kanga, nikazipakata
mpaka saa tisa usiku, kama kuku.

Siku ya saba maji yana ukijani,
hafifu, wa kubishaniwa.
Kipimo hakikubisha: nikeli mara nne ya kikomo.

Vinywa kumi na kimoja vinasubiri, Fundi akasema,
hakuniangalia.
Ndetaulwa anaoza binti Jumamosi. Anataka daraja lake, acheke.

Namjua Ndetaulwa, muuza ng'ombe wa mnadani.
Huongea kiganja kikiwa mdomoni
kama sisi wote tuliokulia Ngare Nanyuki,
tulionyweshwa maji ya kule tungali wachanga
na meno yakaota yakiwa chai ya rangi.

Maji yale nayo yalikuwa meupe.
Mama aliyateka alfajiri, akayachuja kwa kitambaa,
akatupa sisi kwanza.
Hakuna aliyeyaweka kwenye chupa siku saba.

Nikachukua kalamu, moja ya zile mbili.
HAIKUPITA.
Wino ukagoma kwenye H.
Nikaihohea ncha pumzi ya moto, nikaandika tena.