Wino wa Mashine

Mwalo wa Igombe, saa kumi na mbili na robo,
dagaa wametandazwa juu ya nyavu kuukuu
wanameta kama sindano zilizomwagika,
nami nimening'iniza mashine ya ushuru shingoni
kama mbuzi aliyefungwa kengele.

Nkwimba wa Lugata hakuniita mwizi.
Wengine huniita, nimezoea.
Aliendelea kugeuza dagaa kwa ufagio wa chelewa,
kisha akauliza bila kunitazama:
"Imeandikwa wapi, mwanangu,
kwamba jasho langu likamtibu mtu
nisiyemjua jina, wala homa yake?"

Nikasema, Katiba.
"Ukurasa gani?"
Miaka sita nakata risiti. Sikujua.

Usiku ule nikaazima kijitabu kwa mwalimu Bwire,
jalada limeliwa na mende,
nikasoma kwa tochi ya simu, umeme umekatika.
Ya mia na thelathini na nane nikaikuta:
hapana kodi pasipo sheria ya Bunge.
Fupi, ina mwiba kama gogogo.
Inakataza na kuruhusu kwa mdomo mmoja.
Nikarudi nyuma hadi ya kumi na moja:
elimu, uzee, maradhi, ulemavu,
nchi iweke utaratibu wa kumtazama mtu.
Nikasema, hapa nimempata.
Kisha jicho likateleza hadi ya saba,
kifungu kidogo kimejibanza
kama kunguni kwenye mshono wa godoro:
ahadi hizo
hakuna mahakama itakayozitia nguvu.

Nikazima tochi.

Kulipokucha nilimweleza yote, hata lile la saba.
Ningeweza kulimeza. Sijui kwa nini sikulimeza.
Akacheka kicheko cha mtu aliyekuwa na jibu tangu jana:
"Kumbe deni langu lina hakimu,
deni lenu lina Mungu tu."

Nikataja zahanati. Nikamtaja mkunga
aliyempokea mjukuu wake, masika yaliyopita,
wala hakumdai hata sabuni.
"Sabuni nilinunua mimi. Na glovu."
Akanyamaza. Korongo wawili wakagombea utumbo wa sangara.
"Lakini mkunga alikuwepo," akasema.
"Usiku wa manane, mvua ile, alikuwepo.
Huyo simnyimi."

Akafungua fundo la khanga,
noti zimenata magamba.
"Nitalipa. Ila njoo uone."

Nyuma ya kibanda, dirishani,
spoku ya baiskeli imetunga risiti zake zote.
Za juu zinasomeka.
Za katikati zina ukungu.
Za chini nyeupe pe,
kana kwamba sikuwahi kufika,
kana kwamba hakuwahi kutoa.
Wino wa mashine yetu hauwezi jua.

"Siku nikizeeka nikaja na hizi
kudai lile la kumi na moja," akauliza,
"nitamwonyesha nani karatasi tupu?"

Magunia matatu yalikuwa yakisubiri,
dereva wa fuso anapiga honi,
na nyuma yangu watu wanasonya.
Nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
nikatoa kalamu ya bluu,
nikaanza na ile ya chini kabisa:
Nkwimba Lugata. Amelipa.

Tarehe aliikumbuka yeye.