Pampu ya Ghorofa ya Nne

Maji yamegoma kupanda, Mtaa wa Sikukuu.
Nimejikunja kwenye paa, spana kinywani,
tangi tupu linanguruma kama tumbo la aliyefunga,
na Somoe, aliyetoka Makumbusho na wenziwe asubuhi,
ananiuliza moyo wake ulikuwa na ukubwa gani.

Moyo wa nani?

Wa yule mjusi wa Tendaguru, Baba. Wa kwetu Lindi.
Angesimama pale chini wanapouza vitenge
akatuchungulia hapa tulipo.

Nikaitoa spana kinywani.
Mimi fundi bomba, nakujua kupanda.
Najua maji yanavyochoka ghorofa ya pili,
yanavyoifikia ya tatu yakitweta, uzi mwembamba,
na ya nne ni kikohozi tu.
Basi damu, iliyo nzito kuliko maji,
ilipandaje shingo ndefu namna ile
kwenda kulisha kichwa kinachoenea kwenye toroli?

Somoe anahesabu kwa vidole vyenye wino:
miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma,
mgongo umeteremka kama paa la banda.
Meno kama vijiko, ya kuchuma tu;
hakutafuna, alimeza majani mazima
na tumbo likawa ndilo kinu.
Mifupa ya shingo ina mapango, Baba, ina hewa ndani,
la sivyo asingeinyanyua.

Hapo nikacheka peke yangu.
Huyo aliyemuunda ni fundi kweli:
hakuweka chuma panapotosha plastiki.

Mama mkwe husema babu yake alibeba pingili moja
siku nne kwa miguu hadi bandarini,
kata ya majani kichwani, jiwe juu ya kata.
Hakuambiwa ni shingo au ni mkia.
Shingo ikavuka bahari, imesimama Ujerumani
ndani ya nyumba yenye paa la kioo,
na yeye alikufa akiugua shingo.
Hilo Somoe sijamwambia. Ana miaka tisa.

Nikakaza nati ya mwisho, nikawasha.
Pampu ikakohoa, ikashika.
Somoe akabandika sikio kwenye bomba, macho kayafumba.

Unadunda, akasema.

Chini, mama wa ghorofa ya kwanza akatoa kichwa dirishani,
povu la sabuni hadi viwikoni,
akauliza nani kamkatia maji.