Ua Hili Si Ua

Usiniambie hili ni ua.
Lipasue kwa ukucha uone: mji mzima,
maua arubaini na matatu yamebanana kikombe kimoja,
ya pembeni kila moja limetoa ulimi wa manjano,
ya kati ni vijibomba, kila kimoja na chavua yake.
Ukoo wa alizeti ndivyo ulivyo mjanja:
wanakaa wengi, wanajionyesha mmoja.

Tuliliona mita elfu nne na mia tano,
juu ya Huaraz, theluji jirani mlango wa pili.
Fortunato Chauca, mwenye nyumbu, alikojoa karibu nalo,
kisha akasema, "Hilo? Sikio la panya.
Mama alilichemsha vifua vilipotubana."
Nikahesabu miche: kumi na mmoja.
Nikang'oa mmoja.

Ndiyo sheria. Ili mche utambulike kuwa upo
sharti mmoja ufe, tena ufe vizuri,
ulale umenyooka ndani ya gazeti la Jumanne,
kati ya tangazo la matairi
na timu iliyofungwa tatu bila.

Lima. Miezi minane, lenzi na taa.
Nywele za jani: nyeupe, zimelala, hazinati.
Vigae vya kikombe: kumi na vitatu, ncha nyeusi kama zilizopitiwa na moto.
Mbegu: mbavu tano, na singa za kupeperukia,
hukatika ukizipulizia.
Nikafungua makabati, nikabisha hodi kwa jamaa zake:
binamu wa Bolivia ana kikonyo kirefu mno,
shangazi wa Ekuado hana ulimi wa manjano.
Wote wakamkana.
Mtu akikanwa na ndugu zake hulia;
mimi nilicheka peke yangu, saa nne usiku,
hata mlinzi akachungulia.

Nilimpelekea Fortunato mchoro.
Aliutazama muda wa kumaliza sigara.
"Jani umelitia meno sita. Lina saba."
Nikarudi kwenye mche uliokauka. Saba.
La saba lilikuwa limefichwa na gundi yangu mwenyewe.

Nikataka kuliita kwa jina la mama yake, Basilisa.
Akakataa. "Mama alichukia baridi.
Mwache alale Chimbote, kwenye joto lake."

Basi kwa Kilatini nimeandika: lenye meno saba.
Na chini kabisa, penye idadi ya miche iliyobaki mlimani,
kalamu ilisita,
nikaandika:

kumi.