Kizibo Kimoja kwa Shimo

Udongo wa Ng'uruhe, njoo tuhesabiane.
Mwaka juzi nilikupa mfuko mzima,
kilo hamsini, bei ya mbuzi mwenye mimba,
nikakumwagia kwa mkono wazi kama anayelisha kuku.
Mvua ya Desemba ikashuka usiku uleule
ikaubeba mtaji wangu hadi bondeni.
Wiki iliyofuata matete ya mtoni yalinawiri
yakanichekea,
na mahindi yangu yakavaa zambarau.

Zambarau ya pembeni mwa jani,
nzuri, ungeweza kuishonea gauni.
Mama mkwe akasema ni baridi ya Kilolo.
Jirani akasema ni jicho la mtu.
Mimi nikapiga magoti, nikang'oa shina moja:
mizizi mifupi, imejikunja
kama vidole vya mtoto aliyenyimwa sahani.

Kumbe chakula kipo.
Hilo ndilo lililoniuma zaidi.
Atuganile, bibi shamba wa kata,
pikipiki yake ikidondosha oili uani kwangu,
aliokota bonge jekundu, akalivunja kiganjani:
"Mama Luvanda, shamba hili si maskini tu. Ni bahili.
Lina uchachu. Limekunja ngumi;
unachokiweka, linakibana lenyewe, mmea unabaki kutazama."
Nikacheka mpaka nikashika mbavu.
Mtu wa namna hiyo namjua.
Nilipika kwake miaka kumi na minne
kabla hajakwenda kuchuma chai Mufindi
akasahau njia.

Ngumi haikunjuliwi kwa kuipiga.
Tulileta chokaa. Lori likakwamia kwenye utelezi,
tukaibeba kichwani, mimi na Gaudens,
tukafika nyumbani na nyusi nyeupe,
mama na mwana, vikongwe wawili.
Tukaitawanya, tukaichanganya kwa jembe,
tukangoja.
Kungoja nako ni kazi, ila hakuna anayekulipa.

Kizibo cha soda nilikiokota
kwenye kipaimara cha mtoto wa Kihongosi,
watu wakicheza, mimi nimeinama chini ya meza.
Shimo. Kizibo kimoja. Udongo kidogo.
Mbegu. Udongo.
Shimo. Kizibo kimoja. Udongo kidogo,
mbegu isiguse mbolea ikaungua.
Mgongo wangu ulihesabu mashimo elfu nne
kisha ukakataa kuhesabu.
Gaudens akanung'unika:
"Watu watasema tunapima mbolea kama dawa."
Ni dawa, mwanangu.
Nani alikwambia dawa hunywewa kwa ndoo?

Mahindi yalipofika magotini
nikarudi na kizibo kilekile, baada ya mvua kutulia,
nikalisha kila shina pembeni mwa mguu wake, nikafukia
haraka, kama anayeficha hela asionekane na mgeni.
Katikati ya mistari nilipanda maharage.
Siku moja nikachimbua mzizi wake, nikapasua kinundu kwa ukucha:
ndani chekundu, kama fizi za mtoto.
Sikuwa nimemwagia kitu hapo.
Maharage yalikuwa yanajipikia.

Magunia tisa. Zamani manne.
Si muujiza. Mawili yalikwenda kikoba,
moja likalipa chokaa, na panya nao walichukua lao.
Mabua sikuyachoma. Ng'ombe wa Kihongosi walikuja kuyakodolea macho
nikawafukuza kwa fimbo:
hicho ni chakula cha huyu aliyeninyima.

Ndiyo, nakulisha. Usijisifu.
Kona ya juu, kwenye mikaratusi,
bado majani yana zambarau;
naiona kila asubuhi nikifungua mlango.
Hatujamalizana, wewe na mimi.
Kizibo kimetundikwa kwenye msumari
kando ya kalenda ya parokia,
na meno yake yameanza kuliwa na kutu.