Skrubu Nne

Nimefundishwa upya kuamka.
Si kwa kuketi ghafla kama aliyeitwa,
bali kama gogo: magoti yaungane,
bega na nyonga vigeuke pamoja,
miguu ishuke, mkono unisukume
mpaka niwe wima, nikihema,
saa kumi na moja alfajiri,
saa ambayo kwa miaka thelathini na miwili
nilikuwa nimeshatoa mikate mia.

Tanuri letu hapa Kutaisi ni kisima cha udongo.
Moto uko chini, mkate hubandikwa ukutani,
na mwokaji hujitupa ndani hadi kiunoni,
mguu mmoja hewani, uso kwenye joto,
kisha hurudi. Mara mia nne kwa siku.
Piga hesabu mwenyewe. Mimi niliacha
siku ile nilipokwenda nisirudi,
na Beka, mpwa wangu, akanivuta kwa mkanda wa suruali
kama anayeopoa ndoo.

Daktari Lamzira alinionyesha picha:
pingili mbili za chini, na katikati yake
kitu kimechungulia nje, kimeubana mshipa wa fahamu.
"Kama kidole mlangoni," akasema.
Basi wakaufungua mlango.
Skrubu nne, vyuma viwili.
Nikauliza, je, havitashika kutu?
Akacheka. Sikuwa nikitania.

Lifti ya jengo letu hula sarafu.
Siku ya kutoka hospitali Tsiala alipekua mkoba wote:
vyeti, vidonge, leso, hakuna hata sarafu moja.
Ghorofa ya tano.
Nilikuwa nimeushika ukuta kama mlevi
ndipo akaja Jumberi, jirani ambaye hatusalimiani
tangu ule ugomvi wa bomba la maji.
Aliutazama mkanda uliofunga kiuno changu,
akatumbukiza sarafu yake, akaenda zake.

Maumivu yana daftari. Tsiala ndiye karani.
"Leo ngapi, kati ya sifuri na kumi?"
Nasema nne. Anaandika saba.
Huusoma uso wangu kama mimi ninavyosoma mkate:
rangi tu, bila kuugusa.

Dawa iliyonyamazisha mgongo
ikanyamazisha na utumbo.
Siku ya nne nililia chooni,
wala si kwa sababu ya kidonda.
Hayo hayamo kwenye karatasi ya hospitali.
Wala soksi hazimo. Hakuna aliyenionya kuhusu soksi,
kwamba mguu wangu mwenyewe utakuwa mbali
kama ndugu aliyehamia ng'ambo.

Wiki ya kwanza nilifika mlangoni.
Ya pili, kwenye taa ya kwanza ya barabara.
Ya tatu nikajitia ushujaa, nikabeba ndoo ya makaa,
na daftari likaandikwa tisa, siku mbili mfululizo,
kwa wino uliokaribia kutoboa karatasi.
Ya tano, kidole gumba cha mguu wa kushoto,
kilichokufa ganzi tangu Oktoba,
kiliwasha kidogo, usiku. Nikamwamsha Tsiala.
"Kinawasha!" nikasema. Akanuna, kisha akakishika,
akalala amekishika.

Leo nimefika mkateni. Nimesimama tu.
Beka anainama vibaya, kwa kiuno, kama mimi.
"Kunja magoti," nikamwambia.
"Ndiyo, mjomba," akasema, akainama vilevile.
Akanipa mkate, umeungua ncha moja.
Uzito wake naruhusiwa.

Narudi. Sarafu ya Jumberi ninayo kiganjani,
mwezi mzima naitembeza.
Mbele ya lifti inanitoka, inalia sakafuni,
inazunguka, inalala karibu na kiatu changu.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Waliosema hivyo hawakuwa na skrubu nne.
Tunatazamana, mimi na sarafu.
Mkate unapoa kwapani.
Juu huko mlango unafunguka, nyayo zinashuka,
nazijua nyayo hizo.

"Jumberi," naita. "Njoo uniokotee."