Mashine ya Maji, Niigata

Muuzaji alivua viatu mlangoni, akainama,
akasema maji haya yamepigwa umeme,
huondoa gesi, sukari, uchovu, hata huzuni.
Bei: pensheni ya mama, miezi mitano.

Chizuru, dada yangu, mpima damu hospitalini,
hakubishana. Alijaza bilauri mbili,
ya mashine na ya bomba,
akatupa kisogo, akazihamishahamisha.
"Ipi?"

Mama akaonja. Akaonja tena.
Akachagua ya bomba, akausifu ulaini wake.

Tulicheka, naye akacheka,
akaichomoa mashine ukutani.

Usiku nikamsikia jikoni, polepole,
akiichomeka tena.
Sauti ya mashine, ya mwanamke asiyekuwepo,
ndiyo pekee, tangu baba afe,
inayomwambia saa tisa za usiku:
Tayari. Karibu unywe.