Nipe Mji

Ijumaa, saa kumi na moja na nusu, steshenari ya Ndahani,
Nkuhungu, mlango nusu umeshushwa kuzuia vumbi.
Printa ya rangi ingali moto kama ubavu wa ng'ombe.
Kazi yangu mimi ni mkasi:
nakata kichwa cha ramani, nakata na ufunguo wake,
jibu linabaki ukanda mwembamba ninaousukumia drooni,
na Marekani inabandikwa ukutani bila maelezo
kati ya bei ya lamineshini na tangazo la kiwanja Nzuguni.

"Kitendawili!"
"Tega!"
"Nyekundu ni nini?"

Wino wa buluu ulikwisha tangu Jumanne,
kwa hiyo leo ni nyekundu tu na weupe wa karatasi.
Yoeli wa chuo, mwenye haraka, anasema tembo:
nyekundu ni tembo, nyeupe ni punda, kura ndiyo hiyo.
Ndahani anacheka mpaka miwani inateleza.
Tazama Kalifonia, tazama Teksasi, rangi moja;
tangu lini tembo na punda wakalala zizi moja?
Tena tembo usimtaje ovyo katika mji huu.
Alizama hapa, akatuachia jina.

Mama Chiloleti, aliyekuja kudurufu kadi ya kliniki ya mjukuu
na hajaondoka,
anauliza: ni kule walikozaliwa marais?
Hapana. Masachuseti imezaa, na ni nyeupe.
Ni kule wanawake walikotangulia kupiga kura?
Wayomingi ilitangulia, mama, nayo nyeupe pe.
Yoeli tena: maseneta wazee! Magavana wanene!
Sasa anarusha mawe gizani.

Kondo hasemi.
Kondo ni tarishi wa wizara, alihamishwa pamoja na mafaili,
lori moja, yeye na makabati, turubai moja juu yao.
Mwaka wa sita huu anapanga chumba nyuma ya msikiti,
sufuria moja, kikombe kimoja,
simu inayolia saa tatu usiku.

"Mmeshindwa," anasema Ndahani. "Nipeni mji."
Yoeli anampa Manyoni. Hataki, alipewa juzi.
Kongwa? Vumbi analo la kutosha.
"Basi twaa Dar es Salaam," anasema Mama Chiloleti,
mkarimu wa mali isiyo yake.
Ndahani anajikohoza, anakaa sawa kwenye stuli:
"Nilipokwenda Dar es Salaam..."

"Usimpe huo."
Kondo amesimama.
"Una mke wangu ndani."

Tukacheka.
Kisha tukaacha.

Akaenda ukutani, akaweka kidole Niuyoki,
kidole kikapanda taratibu kuelekea kaskazini
kama cha mtu anayetafuta jina lake
kwenye orodha ya uhamisho.
"Barua ya serikali ya jimbo haiishii hapa penye watu," akasema.
"Inapanda huku, Olbani. Na Kalifonia haiendi Losi Anjelesi.
Inakwenda Sakramento, sijui nani anapajua.
Nyekundu ni kule ambako mji mkuu si mji mkubwa.
Kule ambako mtu analala mji mmoja
na nyumba yake iko mji mwingine."

Ndahani akanitazama. Nikavuta droo,
nikapekua kanda za wiki nyingi,
majibu yaliyolala bila ramani zao,
nikaupata wa leo, nikausoma kwa sauti.
Sentensi ya kwanza ilikuwamo, neno kwa neno karibu.
Ya pili haikuwamo.

Hakudai soda ya mshindi.
Mama Chiloleti alikunja kadi yake mara nne, ndogo, ndogo zaidi.
Wino ulikuwa haujakauka vizuri;
Kondo alitoka na wekundu kwenye ncha ya kidole,
akainama chini ya mlango, upepo ukamvaa shati,
na nilimwona akitoa simu kwa mkono wa kushoto,
asiichafue.

Saa tatu ilikuwa bado.